WATU NA ARDHI (Sehemu ya Tatu): Songwe ni pana kuliko Rwanda, watu wako wapi?

Kila ifikapo Julai 11, Siku ya Idadi ya Watu Duniani, redio husoma orodha ileile: India ya kwanza, China ya pili, kisha Marekani, Indonesia, Pakistani, Nigeria na Brazili. Safari hii nayo imesomwa, na vijana wa hapa Ndalambo wamebishana vijiweni juma zima juu ya India kuipita China. Nafurahi kusikia vijana wakibishana juu ya jiografia. Lakini naisihi hadhira yangu isiishie kwenye orodha hiyo, maana ni njia dhaifu mno ya kujua binadamu wanaishi wapi.

Katika sehemu mbili zilizotangulia nilieleza tofauti ya sensa na makadirio, na namna msongamano unavyokokotolewa kwa kilometa ya mraba. Sitarudia. Leo nataka tuitumie elimu hiyo.

Dunia ina watu wapatao bilioni 8.2 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024. India na China pekee zina zaidi ya theluthi moja ya watu wote hao. Ukiwachukua wakazi wa zile nchi 7 nilizozitaja, wanapita nusu ya binadamu wote. Nchi zaidi ya 180 zilizobaki zinagawana nusu nyingine. Jambo hilo linashangaza kweli. Hata hivyo, India ilifanya sensa mara ya mwisho mwaka 2011. Nigeria ilihesabu mwaka 2006. Jirani zetu wa Kongo hawajahesabiwa tangu 1984, na Lebanoni tangu 1932, kwa sababu pale kila dhehebu linaogopa hesabu ya jirani yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya orodha inayosomwa redioni kwa sauti ya uhakika ni makisio ya wataalamu. Ni makisio mazuri, lakini bado ni makisio.

Sisi tuna bahati. Mwaka 2022, katika msimu mmoja, majirani watatu walihesabu watu wao. Rwanda ilihesabu katikati ya Agosti ikapata watu 13,246,394. Tanzania ilihesabu Agosti 23, tukawa 61,741,120. Zambia ilihesabu Agosti na Septemba ikapata watu takribani milioni 19.6. Basi chukua ramani, na hapa naomba umakini wako. Rwanda ina kilometa za mraba 26,338. Mkoa wetu wa Songwe una takribani 27,600. Mkoa mmoja wa Tanzania, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, ni mpana kuliko nchi nzima ya Rwanda na unakaribiana na Burundi. Na Songwe ilihesabiwa watu 1,344,687. Kwa ardhi inayolingana, Rwanda ina karibu mara kumi ya watu wetu.

Wapo watakaosema haraka kwamba sisi tuna ardhi tupu. Kauli hiyo nimeipinga maisha yangu yote, tangu nilipokuwa nikifundisha jiografia, na nitaendelea kuipinga. Ardhi isiyo na watu ina sababu zake, na asiyezijua sababu hizo atakuja kuigawa kwa mgeni, au kuijazia watu bila maji, na yote mawili ni dhambi juu ya watoto wetu.

Mtu aliyenifungua macho juu ya jambo hili alikuwa mhandisi wa reli. Clement Gillman alifika nchini mwaka 1905, enzi za Wajerumani, kujenga reli. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha na Waingereza wakaitwaa Tanganyika, aliendelea na kazi akapanda hadi kuwa mhandisi mkuu wa reli. Kazi ya reli humlazimisha mtu kutembea, naye Gillman alitembea. Alipima miinuko, aliangalia udongo, aliuliza visima viko wapi na hukauka mwezi gani. Mwaka 1936 alichapisha ramani ya watu wa Tanganyika. Maafisa wa wakati ule walikuwa wamezoea kuandika idadi ya wilaya, kuigawa kwa eneo, na kuridhika. Gillman hakuridhika. Yeye aliwaweka watu kwenye ramani pale hasa walipokuwa wakiishi, bonde kwa bonde, mlima kwa mlima.

Ramani ile ilipokamilika, nchi ilionekana kwa sura ambayo hakuna aliyeitegemea. Takribani theluthi mbili ya watu walikuwa wamejibana katika sehemu moja ya kumi ya ardhi: Kilimanjaro, Usambara, Bukoba, ukanda wa Ziwa Viktoria, Rungwe, pwani. Na karibu theluthi mbili ya nchi haikuwa na mkazi kabisa. Gillman alieleza sababu bila kuzungukazunguka. Ya kwanza ni maji. Ya pili ni mbung'o. Hakusema watu wa nyika ni wavivu, kama walivyosema Wazungu wengi wa zama zake. Alisema kwamba pale ambapo mama hapati maji ya kutumia nyumbani mwaka mzima, hapawi na kijiji. Baada ya kustaafu reli aliishauri serikali juu ya maji, na sishangai: ramani ya watu ilikwishamwonyesha kwamba kazi iliyobaki ni visima.

Kwangu mimi ramani ile ina thamani kuliko orodha zote za redioni, kwa sababu inatufundisha kuuogopa wastani. Ukisema kaya mbili zina magunia kumi kila moja, ilhali moja ina ishirini na nyingine haina hata debe, hesabu yako ni sahihi na kuna watu wanalala njaa. Misri ina watu zaidi ya milioni 100, na karibu wote wanaishi kando ya Mto Nile na katika delta yake. Jangwa linalochukua sehemu kubwa mno ya nchi karibu halina mtu. Wastani wa Misri haumwelezi Mmisri yeyote. Hapa kwetu, Lindi ina watu wapatao 18 kwa kilometa ya mraba, na Zanzibar inapita 700. Songwe inakaribia 49, lakini nenda Mbozi kwenye kahawa, kisha teremka bonde la Rukwa, uniambie hao 49 umewakuta wapi.

Mbung'o nao wana historia inayohitaji kusimuliwa vizuri, kwa sababu wengi hudhani pori la mbung'o limekuwapo tangu uumbaji. Katika miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini ikaua ng'ombe kwa kiasi ambacho wazee waliokuwapo hawakuwahi kukiona. Ng'ombe wanapolisha, vichaka havipandi. Ng'ombe walipokufa, vichaka vikapanda. Vichaka vilipopanda, wanyamapori wakarudi. Na mbung'o wakafuata wanyama. Kisha yakaja malale, njaa, vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 huko kusini, na Vita Kuu ya 1914 iliyochukua vijana kwa maelfu kubeba mizigo ya majeshi yasiyowahusu. Sehemu kubwa ya yale yanayoitwa mapori ya asili ilikuwa mashamba na malisho ya watu. Mwanahistoria Helge Kjekshus aliliandika jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1977, na natamani kila afisa ardhi angekisoma kabla ya kuandika neno "wazi" kwenye ramani ya kijiji.

Kwetu kuna sababu moja zaidi. Ukanda huu kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ulikuwa njia. Misafara ya pembe na watumwa ilipita hapa, Wangoni walipita, Wabemba walivamia kutoka kusini. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 watu wa ukanda huu waliishi katika vijiji vilivyozungushiwa ngome za miti, wakabanana ndani, na ardhi nzuri nje ya ngome ikabaki bila jembe. Rwanda na Burundi zilikuwa na falme imara milimani, na misafara ya watumwa haikuweza kuziingia kama ilivyoingia kwetu. Zilikuwa na mvua za misimu miwili, udongo wa rutuba na migomba. Nyanda zao za juu hazikuwa na mbung'o. Ukiweka yote hayo pamoja, ile tofauti ya mara kumi haitakuwa fumbo tena.

Na bado watu walikuwapo huku tangu zamani za kale. Wachimbaji wa mambo ya kale wamethibitisha kwamba Ivuna, katika wilaya yetu hii ya Momba, watu walikuwa wakipika chumvi tangu karne ya 13. Chumvi ya Ivuna ilivuta watu kutoka mbali kabla hakujawa na mpaka, kabla ya Mreno kufika pwani. Mtoto wa Momba anayemaliza shule bila kujua habari za Ivuna amenyimwa urithi wake, na hilo ni jukumu letu tuliofundisha.

Mpaka wenyewe ulichorwa Ulaya. Julai 1, 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba, mstari ukapita kati ya maziwa mawili, na Wanyamwanga wakagawanywa: wengine wakawa wa Mjerumani huku Tunduma, Ndalambo na Kamsamba, wengine wa Mwingereza kule Nakonde na Isoka. Leo ukisoma orodha ya nchi, ndugu hawa wamo katika idadi mbili tofauti. Zambia ina watu 26 kwa kilometa ya mraba, lakini Nakonde na Tunduma zimeshikana kiasi kwamba mgeni huuliza mpaka uko wapi.

Baada ya uhuru, kilichowahamisha watu kwa nguvu kubwa zaidi kilikuwa Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976. Mamilioni walihamishwa kwenda vijiji vilivyopangwa, vingi kandokando ya barabara. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na bomba viwafikie watu mahali pamoja. Ila mara nyingi kijiji kilipangwa kwanza na maji yakatafutwa baadaye, na katika vijiji vingi yanatafutwa mpaka leo. Wafugaji wa Kisukuma waliokuja na mifugo yao bonde la Rukwa miongo iliyofuata hawakupangwa na mtu. Wao waliyafuata maji na malisho, na hivyo makazi yao yakakaa.

Sasa Tunduma. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, reli ya TAZARA ikafuata ikikamilika mwaka 1975, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019. Lami ya kwenda Sumbawanga nayo imeongeza mkondo. Mwaka 2012 mji wa Tunduma ulikuwa na watu wapatao 97,000. Mwaka 2022 walikuwa wapatao 219,000. Umezidi maradufu katika miaka kumi. Wengi wa walioongezeka wametoka Mbeya, Rukwa, Zambia, na katika vitongoji vyetu. Kijana anaacha shamba la mahindi na ulezi la baba yake kwenda kusubiri malori kwenye foleni. Simlaumu anayetafuta riziki, lakini nawalaumu wazazi wanaouza ekari tano ili kumnunulia bodaboda, kwa maana bodaboda haitafika miaka mitano na ardhi ile haitarudi.

Umoja wa Mataifa ulisema mwaka 2022 kwamba nchi nane zitachangia zaidi ya nusu ya ongezeko lote la watu duniani hadi 2050: Kongo, Misri, Ethiopia, India, Nigeria, Pakistani, Ufilipino na Tanzania. Ndiyo, sisi tumo. Hili ndilo vijana walipaswa kubishania wiki hii. Sensa ya 1967 ilitukuta watu milioni 12.3, leo tumepita mara tano ya idadi hiyo. Swali la hapa nyumbani ni wapi watakaa hao wanaokuja, na jibu ninalolisikia kwenye mipango ni Tunduma, Mbeya, Dar es Salaam, kana kwamba ardhi kati ya Chitete na Kamsamba haipo.

Nafasi imenibana, kwa hiyo nitataja mawili tu. La kwanza ni visima virefu vitangulie. Wakala wa Maji Vijijini, RUWASA, upo tangu 2019, na halmashauri ina takwimu za sensa hadi ngazi ya kitongoji. Basi kisima kichimbwe kwa kuangalia kitongoji na jinsi maji yanavyopungua Septemba na Oktoba, si kwa kugawa fedha sawasawa kwa kata. La pili ni daftari la wakazi lililopo kwa mtendaji wa kijiji. Sensa huja mara moja kwa miaka kumi, lakini mtoto huzaliwa leo na mzee hufa kesho. Kaya isiyompeleka mtoto kuandikishwa inamnyima dawati miaka sita ijayo, na mtendaji anayeacha daftari lichakae kwenye kabati anafanya kosa lilelile kwa kijiji kizima.

Juma lijalo nitaingia kwenye umri: kwa nini karibu nusu ya Watanzania hawajafika miaka 18, wakati Japani shule zinafungwa kwa kukosa watoto, na jinsi tofauti hiyo inavyobadilisha maana ya neno msongamano. Mwenye takwimu za kitongoji chake, hasa Ivuna, Msangano na Kapele, azilete ofisi ya kata Ndalambo kabla ya Ijumaa, nizitumie.