Komba wa Rondo: jirani yetu mdogo aliye hatarini kutoweka

Komba tunamjua wote. Ndiye anayelia usiku kwenye miembe na mikorosho, na ndiye tunayemtaja mtu anapozidisha pombe: amelewa kama komba. Lakini ng'ambo ya bonde la mto Lukuledi, juu ya uwanda wa Rondo mkoani Lindi, yuko komba wa aina nyingine. Huyu anajulikana Tanzania peke yake, na misitu anayoishi inazidi kupungua.

Ni mnyama gani?

Komba wa Rondo ana uzito wa gramu 60 hivi, karibu sawa na yai la kuku. Hakuna komba anayemzidi kwa udogo. Mkia wake una manyoya yaliyosimama kama brashi ya kuoshea chupa. Mchana hulala, usiku hutoka kutafuta wadudu na matunda. Hupenda vichaka vya chini msituni, akiruka kutoka shina hadi shina.

Wako wanyama wa mitini, hasa Australia, ambao hubeba watoto katika mfuko wa ngozi tumboni. Komba hana mfuko. Mama humbeba mtoto kwa mdomo, kama paka afanyavyo.

Sisi watu wa redio tumependa jambo moja: watafiti humtambua kwa sauti. Kwa macho, komba wadogo hufanana sana gizani, ila kila aina ina mlio wake. Kurekodi milio hiyo kulisaidia kuonyesha kwamba huyu si komba wa kawaida, na mwaka 1997 akapewa jina lake la kisayansi.

Anaishi wapi?

Amepatikana katika misitu michache tu. Kusini ni Rondo, Litipo na Chitoa mkoani Lindi, na Ziwani mkoani Mtwara. Wengine wako mbali kaskazini: Pugu, Kazimzumbwi na Pande karibu na Dar es Salaam, na Zaraninge upande wa Saadani. Ukijumlisha misitu hiyo yote, eneo lake ni kama kilomita za mraba 100. Kila msitu uko peke yake, umezungukwa na mashamba. Msitu mmoja ukifyekwa, komba wake hawana pa kuhamia.

Ndiyo maana kati ya 2006 na 2008 aliwekwa katika orodha ya jamii 25 za nyani, kima na komba zilizo hatarini zaidi duniani.

Nini kinammaliza?

Ni mkaa, mbao, moto na mashamba mapya. Hapa hatumnyooshei mtu kidole. Mkaa ni ada ya shule, na shamba la ufuta ni chakula cha mwaka. Lakini wazee wa Newala wanakumbuka akina mama wakishuka makorongo usiku kufuata maji. Msitu hushika maji ya mvua yakaingia ardhini taratibu. Ukiondoka, hasara si ya komba pekee.

Nini kinafanyika?

Rondo sasa ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kukata miti humo hakuruhusiwi.

Njia ya pili iko mikononi mwa vijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu mkutano mkuu wa kijiji kutenga msitu wake, kuunda kamati na kutunga sheria ndogo. Wilayani Kilwa, vijiji vilivyofanya hivyo huuza mbao kwa mpango, na fedha hubaki kijijini. Pale msitu unapoleta kipato, wanakijiji wenyewe huwa walinzi.

Hata kwingine wanahangaika hivi hivi. Jimboni Victoria, Australia, yuko mnyama mdogo wa mitini mwenye mfuko, aitwaye posamu wa Leadbeater. Walidhani ametoweka, akaonekana tena mwaka 1961. Mwaka 2024 jimbo hilo lilisimamisha uvunaji wa mbao katika misitu ya asili ya serikali.

Wewe ufanye nini?

Usiwashe moto wa shamba bila kufyeka njia ya kuuzuia. Waambie vijana waache manati kwa komba. Na mkutano wa kijiji ukiitishwa, uliza: msitu wetu uliobaki una mpaka, na kamati yake ni akina nani?