Hoteli ya mlimani na chandarua cha Mama

“Huku kwetu ni baridi, mama. Mbu hakuna,” mhudumu alisema, akiweka ufunguo mezani.

Mama hakubishana naye. Alifungua begi alilotoka nalo Muleba, akatoa chandarua, akaomba kamba.

Tulikuwa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, tumekwenda harusini pamoja na mtoto wa kaka yangu mwenye miaka mitatu. Hoteli ni ya zamani: kuta nene, sakafu ya mbao inayolia ukikanyaga, mahali pa kuotea moto, na mablanketi mawili kila kitanda. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na walipenda kupanda huku kukimbia joto na homa za pwani. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Jioni ile nilikuwa nimevaa sweta mbili na, niseme ukweli, niliona Mama anatuaibisha. Nikamwambia polepole.

“Kwani Kamachumu si mlimani?” akaniuliza. “Mwaka 2006 tulikuwa tunalala wapi?”

Nikanyamaza. Malaria ilipolipuka Muleba mwaka ule nilikuwa darasa la pili. Kaka yangu, baba wa mtoto huyu, alilazwa akaongezewa damu. Jirani zetu, watu wazima wenye nguvu zao, walibebwa kwenye baiskeli.

Ni kweli baridi husaidia. Ndani ya mbu, kimelea cha malaria huhitaji karibu wiki mbili kukomaa hali ya hewa ikiwa nyuzi joto 25, lakini kwenye nyuzi 20 huchukua zaidi ya wiki tatu, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Tatizo ni mwaka unaokuja na mvua nyingi na joto kuliko kawaida. Watu wa milimani hawaugui mara kwa mara, hivyo miili yao haijajenga kinga, na ugonjwa ukifika hauchagui mtoto wala mzee. Tena mgeni hafiki mlimani kwa kupaa. Sisi tulisubiri gari Mombo, bondeni kwenye joto, hadi giza likaingia.

Kwa hiyo unapopiga simu kuulizia chumba, ulizia na chandarua, hasa kama una mtoto mdogo au mjamzito. Mkirudi nyumbani, homa ikimpata yeyote hata baada ya wiki kadhaa, akapimwe siku hiyo hiyo, na mwelezeni daktari mlikopita na mlikolala. Msiseme tu, “Tulikuwa kwenye baridi.”

Mhudumu alirudi na kamba ya katani, akapanda kiti, akafunga mwenyewe. Mtoto alikuwa ameshalala. Kijana aliposhuka alikigusa kile chandarua, akauliza, “Mama, hivi vya kwenu mnavipata wapi? Mke wangu anakaa Mombo.”