MAUMIVU YA MGONGO HUPIMWAJE?

Joto la mwili hupimwa kwa kipimajoto. Uzito wa mtoto hupimwa kwa mizani. Je, maumivu ya mgongo hupimwa kwa nini?

Hakuna chombo kinachoweza kuyaona maumivu. Hata picha ya eksirei haiwezi. Mtu mmoja picha yake huonyesha pingili zilizochakaa, naye analima bila taabu. Mwingine picha yake ni nzuri, lakini hawezi kuinama. Anayejua maumivu ni mgonjwa mwenyewe. Mganga hana budi kumwuliza.

Hapo ndipo tunapokosea. Mganga anauliza, "Hujambo mzee?" Nawe unajibu, "Sijambo." Hiyo ni adabu yetu. Lakini mganga akiandika hivyo katika kadi yako, ataamini kwamba umepona. Utarudi nyumbani na maumivu yako.

Siku hizi waganga wengi hutumia namba. Sifuri maana yake huna maumivu. Kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kufikiria. Utaulizwa kabla ya matibabu, na tena baadaye. Tuseme kabla ya kupasuliwa mgongo ulisema 8. Sasa unasema 5. Nafuu ipo. Ukisema 7, nafuu hiyo ni ndogo mno. Kwa maumivu ya mgongo, wataalamu wengi huona kwamba tofauti ya namba 2 au zaidi ndiyo yenye maana.

Asiyependa namba huonyeshwa mstari wa sentimita 10. Anaweka alama yake hapo, mganga anapima kwa rula.

Usijilinganishe na jirani. 5 yako si 5 yake. Namba yako hulinganishwa na namba yako ya kwanza.

Lakini namba peke yake haitoshi. Mtu anaweza kusema 2 kwa sababu amelala kutwa nzima! Kwa hiyo mwaka 1980 wataalamu wa mji wa Oswestry, Uingereza, walitoa orodha ya maswali yenye mafungu 10. Huuliza juu ya kuvaa nguo, kuinua mizigo, kutembea, kukaa, kusimama, kulala, hata mambo ya unyumba. Kila fungu lina alama 0 hadi 5. Jumla ni 50. Alama zikiwa nyingi, mgongo unakuzuia mengi. Orodha hiyo inatumika hadi leo katika nchi nyingi.

Orodha hiyo haitaji jembe wala ndoo ya maji kichwani. Basi yataje wewe. Mwambie mganga: "Kabla ya matibabu sikuweza kubeba ndoo. Sasa nabeba nusu ndoo kutoka kisimani, napumzika mara moja njiani." Maneno hayo yanamsaidia kuliko "naendelea vizuri."

Maumivu ya mguu yaeleze mbali na ya mgongo. Mara nyingi upasuaji hufanywa ili kuufungua mshipa wa fahamu uliobanwa. Mshipa huo hubanwa mgongoni, lakini huuma mguuni. Huenda mguu ukapona na mgongo ukaendelea kuuma.

Katika hospitali nyingine za ng'ambo, mgonjwa hujibu maswali kwa simu akiwa nyumbani. Wengine huvaa mkononi chombo kama saa kinachohesabu hatua zao. Hatua zikiongezeka, ni dalili njema. Lakini chombo hicho hakijui kama kila hatua iliuma. Bado mgonjwa lazima aulizwe.

Kuna mambo yasiyongoja kupimwa kwa namba. Baada ya matibabu ya mgongo, ukishindwa kukojoa, au kujizuia haja, au ukifa ganzi katikati ya mapaja, au miguu ikikosa nguvu, nenda hospitali siku ile ile. Nenda pia ukipata homa, au kidonda kikitoa usaha. Nenda hata kama maumivu yako ni 1.