Upungufu Dukani Usiwe Mlango wa Dhulma

Familia zetu nyingi huendesha maisha kwa biashara ndogo: duka la nguo, duka la vyakula, mgahawa au stoo ya vifaa vya ujenzi. Mara nyingi anayesimama kaunta ni kijana wa ukoo aliyeletwa kutoka kijijini kwa maneno machache: "Njoo ukae nasi, mengine tutayaona." Mengine hayo ndiyo mshahara, saa za kazi na siku ya kupumzika. Yasipotajwa mwanzoni, huzua ugomvi unaovunja biashara na udugu kwa pamoja.

Katika Surat al-Qasas tunasoma habari za mzee wa Madyan na Nabii Musa (AS). Binti wa mzee huyo alipendekeza Musa aajiriwe kwa sababu mbili: nguvu na uaminifu. Mzee akataja muda wa kazi, miaka 8, akaifanya miwili ya ziada kuwa hiari, na akabainisha kuwa hakusudii kumtaabisha. Musa akakubali, na Mwenyezi Mungu akafanywa shahidi. Ikiwa watu wema waliokuwa wakiingia katika undugu wa ndoa walitaja masharti waziwazi, sisi tuna udhuru gani?

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mipaka. Saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kila wiki mfanyakazi ana haki ya mapumziko ya saa 24 mfululizo. Kumwita mtu "mwanangu" hakumwondolei haki hizi.

Mtihani mkubwa huja siku ya kuhesabu mali. Hesabu ikipungua, tajiri hukasirika na kukata mshahara wote. Lakini tujiulize: ni nani wengine wanaofungua droo ile? Watoto hutumwa sukari na mafuta ya nyumbani, baba huchukua noti kumkirimu mgeni, na hakuna anayeandika. Mwisho wa mwezi deni lote humwangukia asiye na wa kumsemea.

Sheria hairuhusu ukataji wa namna hiyo. Hasara ikitokea, ni lazima iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo chake na kiasi chake, ampe nafasi ya kujitetea, na mfanyakazi aridhie makato kwa maandishi. Hata hapo, makato yasizidi robo ya mshahara.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, mali ihesabiwe kila wiki, tajiri na mfanyakazi wakiwa pamoja, na wote watie saini daftarini. Upungufu wa wiki moja hufuatilika. Wa miezi sita hubaki kuwa tuhuma tu. Pili, kila kinachotoka dukani kwenda nyumbani kiandikwe, hata kama mchukuaji ni mwenye duka. Tatu, mshahara uwe na tarehe yake, nayo iheshimiwe, kwani Mtume (SAW) ametuhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

Likitokea kosa la kweli, mfanyakazi aitwe faraghani, asikizwe, kisha aelekezwe. Anayefokewa mbele ya wateja hujifunza kuficha makosa, na kosa lililofichwa hugharimu zaidi. Anas bin Malik (RA) alimtumikia Mtume (SAW) kwa miaka 10, naye akasimulia kuwa hakuwahi kuguniwa hata mara moja.

Yote haya yanamhusu pia binti anayetusaidia kazi nyumbani. Basi kabla mwezi huu haujaisha, tukae na wanaotutumikia, tuyaandike mapatano yetu, na tulipe tunachodaiwa. Hesabu ya dukani yaweza kusahihishwa kesho. Ile ya Akhera haina marudio.