Uzi wa Kudarizi: Kupima Nguvu au Kupima Urefu?

Beji ya shule iliyodariziwa kifuani mwa shati hutazamwa na watu upande mmoja tu. Fundi mwenye ujuzi huigeuza. Nyuma ndiko iliko habari yote ya jinsi mashine ilivyotegwa: katikati ya kila mstari mnene wa herufi hapana budi uonekane ukanda wa uzi mweupe wa chini, wenye upana wa kama theluthi moja ya mstari, na kandokando yake uzi wa rangi uliotoka juu. Ukanda huo ukitoweka, uzi wa juu unatoka kwa wingi kupita kiasi. Ukipanuka hadi kingoni, uzi wa juu umebanwa mno, na muda si mrefu weupe utachungulia upande wa mbele.

Jambo hili dogo lina gharama. Tuchukue mfano wa fundi wa Kariakoo, jijini Dar es Salaam, aliyepewa kazi ya kutia beji mashati na masweta ya shule moja. Mashati yanakwisha salama. Kisha anafunga sweta la kwanza kwenye fremu bila kubadili chochote, na herufi zinatoka zimesinyaa, kitambaa kimekunjamana kuzizunguka kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Mishono ikifumuliwa, sindano imekwisha kuacha matundu. Sweta ni la mteja, na atakayelilipa ni fundi. Naye, aonapo weupe upande wa mbele, hushika bisibisi na kukaza uzi wa chini ili uurudishe weupe huo nyuma. Weupe hupotea kweli. Lakini sasa nyuzi zote mbili zinavutana kwa nguvu zaidi, na sweta la pili linakunjamana kuliko la kwanza.

Ili kuelewa kosa liko wapi, yafaa kukumbuka jinsi mshono wa mashine unavyofanyika. Sindano hushuka na uzi wa juu, na inapoanza kupanda huacha kitanzi chini ya kitambaa. Kulabu inayozunguka hukidaka kitanzi hicho na kukipitisha kuizunguka bobini nzima, hata uzi wa chini ukawa umo ndani yake. Kisha mkono mvutaji, ule upandao na kushuka mbele ya mashine, huurudisha uzi juu na kukaza fundo. Kitanzi cha kuizunguka bobini ni kikubwa mara nyingi kuliko uzi unaobaki katika mshono. Kwa hiyo sehemu ileile ya uzi hupita tundu la sindano, ikienda na kurudi, mara nyingi kabla ya kutulia kitambaani. Si ajabu kwamba uzi mbovu au sindano yenye tundu lililokwaruzika hukata uzi hata pale mkazo ulipo sahihi.

Tatizo hili halikuwako katika mashine za kwanza. Josué Heilmann wa Mulhouse, aliyebuni mashine ya kudarizi mwaka 1828, alitumia sindano zenye ncha mbili na tundu katikati, kila moja na kipande chake cha uzi. Sindano ilipita kitambaa yote kabisa, na uzi ukavutwa mpaka ukanyooka, kama afanyavyo mdarizi wa kofia wa Unguja kwa vidole vyake. Vidole hukoma vinapohisi uzi umelala. Mwaka 1863 Mswisi Isaak Gröbli alileta nyuzi mbili, wa juu ukitoka mfululizo na wa chini ukibebwa na chombo mfano wa mashua. Ndipo mashine hiyo ikaitwa Schiffli, yaani mashua ndogo. Kasi iliongezeka mno. Lakini tangu hapo ikawa lazima kuamua, bila vidole, uzi utoke kiasi gani.

Jibu lililozoeleka ni msuguano. Uzi wa juu hupitishwa kati ya visahani viwili vinavyobanwa na springi. Wa chini hupita chini ya kibati chembamba kilichokazwa kwa skrubu kwenye kikopo cha bobini. Mafundi hupima kwa gramu: uzi wa chini kwa kawaida 18 hadi 25, wa juu 100 na zaidi kidogo. (Mwanafizikia atanung'unika kwamba gramu si kipimo cha nguvu. Kinachokusudiwa ni uzito wa tungamo la gramu hizo; gramu 20 ni kama nyutoni 0.2.) Walakini msuguano ni mtumishi asiyetabirika. Hubadilika kwa vumbi, kwa kila pembe ambayo uzi unakunja, na kwa jinsi uzi unavyofunguka katika koni yake. Zaidi ya hayo, visahani havijui chochote juu ya kitambaa.

Na kitambaa ndicho kidaicho uzi. Tuseme mstari wa herufi una upana wa milimita 3, na shati lililobanwa na mguu wa mashine lina unene wa milimita 0.4. Uzi wa juu hulala milimita 3 juu ya kitambaa; hushuka na kupanda, milimita 0.8, na chini kitanzi chake huingia ndani theluthi ya upana na kurudi, milimita 2. Jumla ni milimita 5.8. Kwa sweta lenye unene wa milimita 1.5, hesabu hiyohiyo hutoa milimita 8, yaani nyongeza ya zaidi ya theluthi. Katika herufi ndogo zenye mishono ya milimita 1, mahitaji hutoka takriban milimita 2.5 hadi 4.7, karibu mara mbili! Haya ni makadirio, kwani yanapuuza unene wa uzi na kunyumbuka kwake, lakini yanaonyesha kwa nini herufi ndogo ndizo huharibika kwanza. Uzi usipotoka wa kutosha, huutafuta urefu uliopungua kwa kulibana sweta lenyewe.

Kutokana na fikira hiyo baadhi ya watengenezaji waliacha kupima nguvu wakapima urefu. Katika mashine za Melco za Marekani, mfumo uitwao Acti-Feed hutumia mota ndogo kuzungusha gurudumu linalotoa uzi wa juu kwa kipimo. Mashine inajua urefu wa mshono ujao na mwelekeo wake kutoka katika mchoro. Kinachobaki ni unene. Mwendeshaji huutaja kwa pointi, kila pointi ikiwa sehemu ya kumi ya milimita, au huiachia mashine ijirekebishe yenyewe huku akiiwekea kiwango cha chini isichoruhusiwa kukivuka. Kwa mwendo wa mishono 800 kwa dakika, hesabu hiyo hurudiwa mara 13 hivi kila sekunde.

Mwenye mashine ya visahani hana kompyuta ya kumpimia, lakini utaratibu wake ni uleule. Aanze chini: afagie nyuzinyuzi zilizojificha nyuma ya kibati, maana hizo hukiinua na kudanganya kipimo, kisha aning'inize kikopo kwa uzi wake na kuutikisa mkono kidogo. Kikiteremka sentimita chache na kusimama, skrubu isiguswe tena. Marekebisho yote yaliyobaki yafanywe juu, robo mzunguko kwa mara moja, na baada ya kila robo idariziwe herufi I pana kwenye kipande cha kitambaa cha aina ileile, si kitambaa chochote kilicho karibu. Fundi wa masweta angelegeza visahani, wala asingekaza bobini.

Hata katika mashine zipimazo urefu, uzi wa chini bado unazuiwa na kibati na skrubu kama zamani, kwa sababu kikopo kimezungukwa na kulabu pande zote na hakuna nafasi ya kuingiza gurudumu. Bisibisi ndogo bado imo mfukoni mwa fundi.