Vigae vya Ukutani: Mpango Kwanza, Saruji Baadaye

Zamani, katika nchi ya Wasamia, ukuta wa nyumba ulikuwa kazi ya akina mama. Walikanda udongo na mavi ya ng'ombe, wakakandika, kisha wakapitisha udongo wa rangi chini ya ukuta. Uliobanduka ulikandikwa upya. Leo katika mji mdogo wa Lumino, wilayani Busia, nchini Uganda, nyumba za matofali ya kuchoma zinaongezeka kandokando ya barabara ya lami itokayo Musita, na bafuni mwao hubandikwa vigae. Kigae kikishashikwa na saruji hakibanduliki ila kwa kuvunjwa.

Wakati mwingine mwenye nyumba ni askari aliye mbali kikosini, pengine kambi ya Rubongi kule Tororo, pengine mbali zaidi. Fedha huzituma kidogo kidogo, na mama wa nyumba ndiye anayesimama na fundi. Siku ya kwanza fundi huuliza, "Mama, tuanzie kona ipi?" Jibu la swali hilo hukaa ukutani miaka ishirini.

Tuseme ukuta wa bafu una upana wa sentimita 210, na vigae vilivyonunuliwa ni vya 25 kwa 40, vikisimamishwa wima. Fundi akianzia kona, vigae vinane vizima vitaingia, na mwisho utabaki ukanda wa sentimita 10, mwembamba kama ulimi, tena mara nyingi upande unaotazamana na mlango. Akiweka mwanya katikati ya ukuta, hali ni mbaya zaidi: kila kona itabaki na sentimita 5, kipande ambacho huvunjika kabla ya kufika ukutani. Bali akiweka kigae kizima katikati, saba vitaingia vizima na kila kona itapata kipande cha sentimita 17 na nusu. Kwa kimo cha mita mbili, njia ya kona itakula vigae 43, na njia hii 45. Kwa vigae viwili ukuta mzima unapendeza. Hesabu hii yafaa ichorwe sakafuni kwa chaki, vigae vipangwe vikavu, kabla ya saruji kukorogwa.

Kuhusu mitindo, ule wa mistari iliyonyooka, kama askari katika gwaride, ndio rahisi. Kuongeza kigae kimoja katika kila kumi kwa ajili ya kuvunjika kwatosha. Ila hauna huruma kwa ukuta uliopinda, basi timazi na pima maji vitangulie. Mtindo wa matofali huficha kasoro ndogo. Lakini vigae virefu vya sentimita 60 visipishane nusu kwa nusu, kwani vingi vimejikunja kidogo katikati na ncha zitatokeza. Vipishane kwa sentimita 20. Mshazari na mifupa ya samaki hupendeza machoni, lakini kila pembe hukatwa, na katika bafu dogo ni fahari ya kununua vigae vya kutupa.

Jikoni mambo ni mengine. Penye moshi wa mkaa na mafuta ya samaki wa Majanji, saruji nyeupe ya kuziba mianya huwa nyeusi mapema. Vigae vikubwa vyenye mianya michache, vilivyozibwa kwa saruji ya kijivu, humpunguzia mama kazi ya kusugua.

Vigae vyote vinunuliwe siku moja. Viwe vya Kapeeka, wilayani Nakaseke, au vilivyovuka mpaka kutoka Kajiado, nambari ya rangi iliyopigwa kwenye katoni lazima ifanane. Vya mkupuo mwingine hutofautiana, na tofauti huonekana pale mwanga wa dirisha unapopiga. Saruji si taabu, maana kiwanda cha Tororo kipo karibu tangu miaka ya 1950. Lipu iwe imekauka na kukwaruzwa, na vigae vya udongo vinavyonyonya maji vilowekwe kwanza, la sivyo vitaifyonza saruji na kudondoka kimoja kimoja usiku, watoto wakidhani ni mwizi.

Katoni moja ibaki chini ya kitanda. Siku bomba la ndani litakapopasuka, hakuna duka Busia litakalokuwa na rangi ile tena.