Mashabiki wa Pamba na Stand: Miaka ya Kushuka Daraja

Tangu Mkoa wa Simiyu uanzishwe mwaka 2012, haujawahi kuwa na timu katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Mpenzi wa soka wa Maswa anayetaka timu ya kanda yake, mbali na Simba au Yanga aliyoirithi nyumbani, hutazama pande mbili. Upande mmoja ni Shinyanga, uliokuwa mkoa wake hadi mwaka huo, iliko Stand United. Upande wa pili ni Mwanza, iliko Pamba, timu iliyobeba jina la zao ambalo Simiyu ndiyo inayoongoza kulilima nchini. Kote kuwili, kushangilia kumekuwa kazi ya uvumilivu.

Pamba haikuanza na unyonge. Mwaka 1990 ilitwaa ubingwa wa Muungano, enzi ambazo mashirika ya umma na vyama vya ushirika vilikuwa na timu zake: mchezaji alipata ajira, timu ikapata usafiri, na shabiki akaona jasho la shambani limevaa jezi. Khalfan Ngassa na Fumo Felician walikuwa majina ya kutajwa kwenye kila kijiwe. Dar es Salaam nayo haikulala. George Masatu, Hussein Masha na Nteze John waliochezea Pamba walikuja kuonekana wakiwa Simba. Katikati ya miaka ya 1990 ununuzi wa pamba ulifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, na vyama vikuu kama Nyanza cha Mwanza na SHIRECU cha Shinyanga vikayumba. Zama za timu kutegemea zao moja na ofisi moja zikapita. Mwaka 2001 Pamba ikashuka daraja.

Hapa ndipo uaminifu wa shabiki wa Tanzania unapotofautiana na ule unaosifiwa sana Marekani. Huko, mashabiki wa timu ya besiboli ya Chicago Cubs walikaa kuanzia 1908 hadi 2016 bila kuonja ubingwa, na bado waliujaza uwanja wao mkongwe wa Wrigley Field, uliofunguliwa mwaka 1914. Ni subira kubwa, lakini ligi yao haina kushuka daraja. Timu hata ikivurunda namna gani, mwaka unaofuata inacheza na vigogo wale wale na inatangazwa na vyombo vile vile. Pamba iliposhuka ilitoweka redioni na kwenye runinga. Aliyetaka kujua imepata nini ugenini alilazimika kumpigia simu mtu aliyekuwepo. Kwa kipimo hicho, miaka 23 ya Pamba nje ya Ligi Kuu inaweza kuhesabiwa kuwa mizito kuliko 108 ya Chicago.

Katika miaka hiyo vishawishi vya timu nyingine za Mwanza havikukosekana. Toto Africans iliendelea kupanda na kushuka. Mbao ilipanda mwaka 2016, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Simba 2-1. Zikaja Alliance, kisha Gwambina ya Misungwi. Zote zilishuka. Pamba ilibaki chini na watu wake wachache, wale wanaoiita TP Lindanda, hadi Halmashauri ya Jiji la Mwanza ilipoichukua na jina likawa Pamba Jiji. Mwaka 2024 iliifunga Mbuni jijini Arusha na kurudi Ligi Kuu.

Nyumbani kwake ni uwanja wa CCM Kirumba, unaotajwa kuchukua watu wapatao 35,000. Sehemu kubwa ni mzunguko, yaani ngazi za zege zisizo na paa, ambako shabiki mwenye akili huja na boksi la kukalia kwa sababu zege la saa tisa alasiri halikaliki. Soko la dagaa la Mwaloni liko jirani. Uwanja huu, kama Kambarage wa Shinyanga na vingine vingi mikoani, ulijengwa zama za chama kimoja, na mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 ukabaki mali ya CCM. Matokeo yake yanajulikana kwa kila kiongozi wa klabu: timu ni mpangaji, mwenye nyumba ni mwingine, na ukarabati husubiri hadi Bodi ya Ligi itishie kufunga uwanja au iufunge kweli. Uwanja ukifungwa, timu huhamishia mechi zake mkoa mwingine, na anayeumia kwanza ni shabiki mwenye nauli ya kuungaunga.

Stand United, Chama la Wana, ilianzia kwa vijana wa stendi ya mabasi Shinyanga. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014, ikapata udhamini mnono wa kampuni ya madini ya Acacia, na fedha hizo hizo zikaleta mgogoro wa nani mwenye klabu. Mdhamini akaondoka. Mwaka 2019 ikashuka. Kambarage haukuhama, na mashabiki wake wa kudumu nao hawakuhama.

Jaribio gumu kwa timu hizi ni siku Simba au Yanga inapokuja. Kirumba hufurika, mapato ya mlangoni hupanda, ila mzunguko hugeuka mwekundu au kijani na mwenyeji hucheza kama mgeni kwake. Wengi wa waliojaa siku hiyo hawaonekani wiki inayofuata akija mpinzani asiye na jina. Wanaobaki ndio wanaochangishana fedha za basi kwenda ugenini, na ndio wanaomzomea kocha kwa haki, maana walilipa kiingilio hata siku ambayo nusu ya viti ilikuwa tupu.

Pamba Jiji iliuanza msimu wa 2024/25 kwa kusuasua, ikamwondoa kocha Goran Kopunović na kumpa kazi Fred Felix Minziro. Haikushuka. Stand United msimu huo huo ilifika hadi mchujo wa kupanda, ikafungwa na Fountain Gate na kubaki Ligi ya Championship.